Kutoka Kiungani hadi Tunguu: Wanafunzi wa Vyuo na Utumishi Wao Nje ya Darasa Katika Kisiwa cha Unguja

Utangulizi

Usharika unapoadhimisha miaka mia moja, jambo la kwanza linalohesabiwa ni majengo, wachungaji waliohudumu, na idadi ya watu waliobatizwa na kubarikiwa. Hesabu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, katika historia ya Ukristo wa Pwani lipo kundi moja ambalo mara nyingi hutajwa kwa kupita tu, nalo ni kundi la wanafunzi wa vyuo. Hao walifundisha kabla hawajahitimu, walipiga chapa vitabu kabla hawajawa na vitabu vyao wenyewe, na walitumwa safari za mbali wakiwa bado vijana. Sura hii inaeleza kwa ufupi habari zao katika kisiwa cha Unguja, hasa Mji Mkongwe na viunga vyake, tangu mwaka 1864 hadi miaka ya karibuni.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kitabu cha usharika wa Kilutheri kizungumzie Unguja. Sababu ni kwamba Unguja ndiyo iliyokuwa mlango. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Unguja Januari 1844 kabla ya kwenda Mombasa. Johann Jakob Greiner alipofika Dar es Salaam mwaka 1887 na kuanza kazi ya Kilutheri katika mwambao huu, Unguja ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya wageni waliokwenda bara. Na tangu Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963, visiwa hivi vimeendelea kuhesabiwa pamoja na Pwani katika kazi ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Swali linaloongoza sura hii ni moja, nalo lina pande mbili. Mwanafunzi aliyekuja kusoma anadaiwa nini na watu wanaoishi nje ya ukuta wa chuo chake? Na kanisa, kwa upande wake, linadaiwa nini na mwanafunzi huyo?

Mizizi ya Kilutheri: Meza ya Halle na Aproni za Bethel

Jambo la wanafunzi kutumika nje ya darasa halikuanza Afrika. Mwaka 1695 Mchungaji August Hermann Francke alianzisha shule ya watoto maskini katika mji wa Halle, Ujerumani, na baadaye nyumba ya yatima. Hakuwa na fedha za kuajiri walimu wa kutosha. Lakini alikuwa pia mwalimu wa Chuo Kikuu cha Halle, naye aliwafahamu wanafunzi wengi wa theolojia waliokuwa na akili nzuri na tumbo tupu. Basi akaunganisha mahitaji hayo mawili: wanafunzi walifundisha watoto kwa saa kadhaa, nao wakapewa chakula bure katika meza ya nyumba ile. Watoto wakapata walimu, wanafunzi wakapata mlo, na wachungaji wa kesho wakajifunza kuzungumza na mtoto wa mitaani kabla hawajapanda mimbarani. Kutoka katika shule hiyo ya Francke walitoka Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, ambao mwaka 1706 walifika Tranquebar, India, wakiwa wamisionari wa kwanza wa Kilutheri katika nchi hiyo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na historia ya Pwani. Chama cha misheni kilichomtuma Greiner baadaye kilihamia Bethel, karibu na Bielefeld, chini ya uongozi wa Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Huko Bethel watahiniwa wa uchungaji waliokuwa wamemaliza masomo ya chuo kikuu walipewa aproni za buluu na kutumwa wadi za wagonjwa wa kifafa, kuwalisha, kuwaosha na kukesha nao. Bodelschwingh aliamini kwamba mtu aliyejifunza Kigiriki na Kiebrania bila kujifunza kumwosha mgonjwa bado hajamaliza masomo yake.

Mafundisho ya Luther juu ya wito yako nyuma ya mifano yote miwili. Mungu hahitaji matendo yetu mema, bali jirani anayahitaji. Nayo masomo ni wito kama ulivyo ukulima au useremala. Mtu hangoji cheti ndipo aanze kumtumikia jirani.

Chuo Kabla ya Chuo

Kabla ya kuzungumzia vyuo vya misheni, haki inadai itajwe hali iliyokuwako Unguja. Katika Kiswahili cha zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali ambapo watoto husomeshwa Kurani. Mji wa Unguja ulikuwa mji wa vyuo vya namna hiyo, na wa darasa za misikitini ambamo mwanafunzi aliyekwisha kuelewa somo alimfundisha aliye nyuma yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanazuoni wawili walijulikana sana. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Visiwa vya Komoro mwaka 1861, alikuwa kadhi wa Unguja. Na Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860, alianzisha madrasa yake mtaa wa Ukutani, katikati ya Mji Mkongwe. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Wanafunzi wao hawakukaa Ukutani daima. Walitawanyika kwenda kusomesha katika miji mingine ya mwambao na visiwa. Katika mila hiyo, elimu ilipimwa kwa kazi iliyotendwa kwayo. Msemo wa Waswahili kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali umetoka katika malezi ya namna hiyo.

Kwa hiyo wamisionari walipofika, hawakuikuta ardhi isiyo na shule. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, alijifunza Kiswahili kutoka kwa wenyeji wasomi wa mji huu. Vitabu vyake viwili vilivyotolewa mwaka 1870, kimoja cha sarufi na kimoja cha hadithi za Waswahili, ni matunda ya kukaa miguuni pa watu hao.

Kiungani na Mbweni

Misheni iliyoanzisha chuo cha Kiungani yenyewe ilizaliwa kutokana na wito kwa wanafunzi. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, akawataka vijana wasomi waiangalie Afrika. Kutokana na wito huo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iitwayo kwa kifupi UMCA. Kundi la kwanza lilikwenda Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, ambako lilipata hasara kubwa. Askofu Charles Mackenzie alifariki Januari 1862. Mrithi wake, Askofu William Tozer, akaamua kuhamishia makao Unguja, akafika mwaka 1864 pamoja na Steere.

Muda mfupi baada ya kufika, Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule. Baadaye misheni ikapata mahali Kiungani, kusini mwa mji, kando ya bahari, na hapo kikakua Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wawili kati ya wale wavulana, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa kuwa mashemasi wadogo mwaka 1870, na Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879.

Mafunzo ya Kiungani hayakuishia katika madawati. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana wa shule walifundishwa kupanga herufi za risasi, kutia wino na kushona vitabu. Steere mwenyewe aliijua kazi hiyo, na kurasa nyingi za mwanzo za Maandiko na vitabu vya ibada kwa Kiswahili zilipita mikononi mwa vijana hao. Mtu afikirie maana yake: kijana ambaye miaka michache kabla alihesabiwa kuwa mali na kutiwa bei, sasa anapanga kwa vidole vyake neno moja moja la Injili, katika lugha ambayo wengi wao waliipata wakiwa njiani kuja pwani. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na watu wa makabila mengine ya bara. Walipomsaidia mfasiri kujua kama sentensi inaeleweka au haieleweki, walikuwa wanashiriki katika kazi ambayo matunda yake, Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja, yalitolewa mwaka 1891.

Kazi nyingine ilikuwa kuandika habari zao wenyewe. Mwaka 1887 kilitolewa London kitabu kilichoitwa kwa jina la Kiungani, kilichohaririwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza na A. C. Madan, mtunzi wa kamusi. Ndani yake wanafunzi walisimulia vijiji walivyozaliwa, jinsi walivyotekwa, njia walizopitishwa na hatimaye safari ya baharini. Mwalimu angeweza kuwapa zoezi la sarufi tu. Badala yake walipewa kazi ya kuwa mashahidi. Wanahistoria wanaokitumia kitabu hicho leo wanawategemea vijana wa shule.

Njia ya tatu ilikuwa safari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa sahihi na Sultani Barghash, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo, Mkunazini, mahali pa soko lile. Lakini Steere hakutaka watu walioachwa huru wabaki Unguja wote. Mwaka 1876 aliongoza kundi lao kupitia Lindi hadi Masasi, na tangu hapo walimu waliolelewa Kiungani walikuwa wakipelekwa bara, wengine wakiwa bado vijana sana, kufungua shule chini ya mti au katika banda la makuti. Mmoja wa vijana wa Kiungani, Cecil Majaliwa, alifanywa shemasi mwaka 1886 na akatumwa Chitangali, katika nchi ya mpaka wa Ruvuma. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika misheni hiyo.

Upande wa wasichana, shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, nako kikajengwa kijiji cha watu walioachwa huru pamoja na Shule ya Mtakatifu Maria. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1926. Wasichana waliolelewa Mbweni walifundishwa kuwa walimu, na kijiji kilichowazunguka, chenye watoto, wazee na wagonjwa, kilikuwa shule ya pili. Magofu ya jengo hilo yangali yanaonekana hadi leo.

Lisisahauliwe jambo ambalo baadhi ya wazee wangeliona dogo. Vijana wa Kiungani walicheza kriketi na kandanda, na watu wa mji wakaja kutazama. Mchezo wa mpira uliokuja kuipamba Unguja katika karne ya 20 unaitaja Kiungani miongoni mwa vitalu vyake. Uwanjani kijana wa misheni na kijana wa Ng'ambo walikutana bila mkalimani na bila mahubiri.

Kuanzia mwaka 1901 hadi 1908 chuo kiliongozwa na Frank Weston, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1924. Katika miaka ya 1920 chuo kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, na sura ya Kiungani ikafungwa.

Upungufu wa Kiungani

Historia iliyoandikwa kwa ajili ya sherehe ina hatari ya kusahau yaliyopungua. Kiungani kilikuwa na upungufu ambao ni vema utajwe, kwa sababu unawahusu wanafunzi wa siku zote.

Kwanza, wanafunzi hawakuwa na hiari kamili. Mtoto yatima aliyekabidhiwa misheni hakuchagua kuwa mpiga chapa wala mwalimu wa Masasi. Alitumwa. Utumishi wake ulikuwa halisi, lakini ulichanganyika na utii wa mtu asiye na kwao pa kurudi.

Pili, chuo kiliwatenga na mji. Mwanafunzi wa Kiungani alijua habari za Canterbury kuliko za Ukutani, ingawa Ukutani palikuwa mwendo wa miguu. Madrasa ya Sheikh Bakathir na Chuo cha Mtakatifu Andrea vilikuwa katika kisiwa kimoja kwa miaka mingi, vyote viwili vikifundisha vijana kumcha Mungu na kuwatumikia watu, lakini wanafunzi wake walipata nafasi chache mno za kuketi baraza moja.

Tatu, wengi waliohitimu hawakuwa walimu wala makasisi. Walijua kusoma, kuandika na Kiingereza, wakachukuliwa kuwa makarani wa serikali na wa makampuni. Wamisionari walilalamika, lakini lawama haikuwa ya vijana peke yao. Mwalimu wa kijijini alilipwa kidogo mno, na misheni iliyotaka moyo wa kujitoa haikuuliza sikuzote kama mtoaji amekula. Francke wa Halle alikuwa ameliona jambo hilo karibu miaka mia mbili kabla yake.

Wito au Amri: Miaka ya Baada ya 1964

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, hali ya elimu Zanzibar ilibadilika kabisa. Tarehe 23 Septemba 1964 Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na shule za misheni na za jumuiya mbalimbali zikawa mikononi mwa serikali. Kwa mtoto wa mkulima wa Makunduchi au Donge, hii ilikuwa neema aliyoingoja baba yake na babu yake. Kwa kanisa, ilikuwa na maana kwamba utumishi wake kwa wanafunzi hautaweza tena kupitia umiliki wa shule.

Miaka hiyo pia ilileta swali jipya: je, serikali inaweza kumwamuru msomi awatumikie watu? Kwa upande wa bara, mwaka 1966 ilitolewa sheria kwamba wahitimu wa vyuo wafanye utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambapo sehemu ya mshahara wao ingekatwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti hayo. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, na katika hasira yake akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Wengi walirudishwa chuoni baadaye. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Wanafunzi walisema kwamba kujitolea kunakolazimishwa si kujitolea. Mwalimu alisema kwamba mkulima anayemlipia msomi ada kwa jasho lake ana haki ya kudai kitu.

Theolojia ya wito inalitazama jambo hili kwa namna ya tatu. Deni lipo, wala mwanafunzi hawezi kulikana. Lakini mtu hulipa deni hilo vizuri pale tu anapomjua anayemdai kwa jina na kwa sura. Amri ya serikali humpeleka kijana kambini. Ujirani humpeleka mlangoni pa mtu.

Vyuo Vikuu Vipya na Milango Mipya

Kwa muda mrefu kijana wa Unguja aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari. Hali hiyo ilibadilika mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1998 kilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, na mwaka huohuo chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Kadiri miaka ilivyopita kiliunganishwa na taasisi nyingine, zikiwamo chuo cha ualimu cha Nkrumah kilichoko Beit el Ras na chuo cha afya cha Mbweni. Hivyo Mbweni, palipokuwa kijiji cha watu walioachwa huru, tena pamekuwa mahali pa wanafunzi wanaojifunza kuhudumia watu.

Wanafunzi hao wanatoka Unguja, Pemba na bara. Wengi ni Waislamu, wengine ni Wakristo. Njia wanazoweza kuzipita ili kutoka darasani ni nyingi kuliko zilizokuwa Kiungani. Hapa zitatajwa chache.

Njia ya kwanza ni bahari. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti wa Profesa Keto Mshigeni juu ya mwani ulifungua njia, na mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kilianza katika vijiji vya Paje na Jambiani, upande wa mashariki. Wakulima wake wengi ni wanawake, ambao hufuata maji yanapokupwa, hufunga mbegu katika kamba na vigingi, na kurudi maji yanapoanza kujaa. Kwa wengi wao hii ilikuwa fedha ya kwanza kuishika kwa mikono yao wenyewe. Lakini bahari ilipozidi kupata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ilianza kufa. Mtafiti Flower Msuya amefanya kazi na wakulima hao kwa miaka mingi, akitafuta njia za kulima katika kina kikubwa zaidi na kuongeza thamani kwa kutengeneza sabuni na unga wa mwani. Mwanafunzi wa sayansi anayekwenda Paje au Bweleo kwa siku moja hupata takwimu za ripoti yake. Anayekwenda bamvua baada ya bamvua, akaingia majini na kamba mkononi, hupata elimu ambayo maabara haina. Vilevile katika kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu miaka ya 1990, wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa kuyaona yale waliyoyasoma kwenye picha tu.

Njia ya pili ni sanaa na urithi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998, na tamasha la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004; la pili lilikosa fedha likasimama mwaka 2016, kisha likarudi. Mwaka 2002 katika jengo la zamani la Forodha, Mizingani, kilifunguliwa chuo cha muziki wa nchi za jahazi, ambako vijana hujifunza udi, kanuni na fidla kutoka kwa wazee wa taarabu. Matamasha na vyuo vya namna hii vinahitaji wakalimani, wapokezi wa wageni na mafundi wa sauti. Zaidi ya hayo, Mji Mkongwe wenyewe unahitaji vijana watakaoandika habari za wazee wake kabla hawajaondoka, kama wanafunzi wa Kiungani walivyoandika habari zao mwaka 1887.

Njia ya tatu ni shule na hospitali. Mwanafunzi wa ualimu aliye katika mazoezi ya kufundisha, na mwanafunzi wa udaktari au uuguzi aliye katika wadi za Mnazi Mmoja, tayari yuko nje ya darasa kwa amri ya mtaala. Lililobaki ni hiari yake: kama saa yake inaisha pale anapotiwa sahihi, au kama anabaki dakika chache na mtoto ambaye bado hajaelewa kugawanya, au na mgonjwa ambaye hana mtu wa kumletea uji.

Jeraha la 2012 na 2013

Hakuna njia kati ya hizo inayoweza kupitika pasipo amani. Kati ya Novemba 2012 na Septemba 2013 Unguja ilipita katika kipindi kigumu. Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kuongoza misa. Na Agosti 2013 wasichana wawili wa Kiingereza, wenye umri wa miaka 18, ambao walikuwa wakijitolea kufundisha watoto, walimwagiwa tindikali wakitembea katika Mji Mkongwe.

Tukio hili la mwisho linaigusa mada hii kwa karibu. Vijana wawili walitoka kwao kuja kufundisha watoto wa watu wengine, wakarudishwa wakiwa na makovu. Waislamu na Wakristo wa Unguja waliona aibu na uchungu kwa pamoja, kwa maana mji huu unajivunia ustaarabu wa kumpokea mgeni. Tukumbuke pia kwamba sheikh naye alishambuliwa: mkono uliotupa tindikali haukuuliza kwanza dini ya uso.

Baada ya siku hizo, kazi ya viongozi wa dini walioanza kukutana mapema, tangu katikati ya miaka ya 2000, ilionekana thamani yake. Kituo cha ZANZIC, ambacho Kanisa la Kilutheri na Danmission ya Denmark wamekitumia kwa ajili ya mahusiano ya dini, kimekuwa mahali pa mazungumzo kati ya vijana, wanawake na viongozi wa dini zote mbili. Mradi wa ushonaji wa Upendo, katika Mji Mkongwe, umewakalisha wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo katika chumba kimoja, kila mmoja na cherehani yake. Hapo hakuna hotuba ndefu. Anayejua kupachika zipu humfundisha asiyejua.

Somo kwa mwanafunzi Mkristo katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu ni la wazi. Unguja mtu haingii nyumbani mwa watu bila kupiga hodi na kungoja karibu. Utumishi nao hupiga hodi. Kwanza huuliza wenyeji wanahitaji nini, wala hauji na jibu tayari. Haufichi chambo ndani ya msaada: darasa la hesabu ni darasa la hesabu, wala mtoto hatakiwi kulipia kwa imani yake. Tena huheshimu saa ya sala, mwezi wa Ramadhani na mavazi ya mahali. Mtu anayefanya hivyo haifichi imani yake. Jirani ataiona katika uaminifu wake, na akitaka kuuliza, atauliza. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi mwenye hekima haombi apewe heshima ya mgeni mwaka mzima, bali huliomba jembe mapema.

Hitimisho

Kutokana na habari hizi, pande zote mbili za swali lililoulizwa mwanzoni zinaweza kupewa jibu.

Mwanafunzi anadaiwa na jamii sehemu ya kile alichopewa, naye anadaiwa sasa, wala si baada ya kupata shahada. Vijana wa Kiungani walitoa mikono yao kwa mtambo wa chapa na miguu yao kwa njia ya Masasi, wakiwa na elimu ndogo kuliko ya mwanafunzi yeyote wa Tunguu leo.

Kanisa, nalo, linadaiwa meza. Kijana anayeishi katika chumba cha kupanga, anayehesabu nauli ya daladala kutoka Tunguu hadi Darajani, hawezi kufundisha jioni tatu kwa juma kwa nguvu ya mahubiri tu. Kiungani kilipoteza walimu kwa kusahau jambo hilo, na Halle ilipata walimu kwa kulikumbuka. Sahani ya wali, nauli ya kwenda na kurudi, na mzee mmoja wa kanisa anayemjua mwanafunzi kwa jina, ni mambo ambayo usharika wowote unayaweza, hata usio na fedha za kujenga bweni. Usharika unaoingia karne yake ya pili ukiwa na ukumbi, jiko na akina mama wanaojua kupika kwa ajili ya watu mia mbili siku ya harusi, hauwezi kusema kwamba hauna kitu cha kuwapa wanafunzi.

Mungu aliyewainua wavulana watano kutoka katika jahazi la watumwa na kuwafanya walimu wa wengine ashukuriwe kwa ajili ya wote waliotangulia. Awajalie wanafunzi wa vyuo vya Unguja na bara, wa dini zote, moyo wa kumjua jirani. Na aujalie usharika huu neema ya kuwaandalia nafasi mezani.